Kipimajoto Chako Si Kibovu, Uko Nairobi

Kuna lalamiko ambalo haliishi miongoni mwa wapishi wa jiji hili. Mtu ananunua kipimajoto, anakitumbukiza kwenye maji yanayotokota, kinasoma nyuzi 94, basi anaamua ameuziwa kibovu. Wapo wanaokirudisha dukani. Wapo pia, na hawa ndio wanaonisikitisha zaidi, wanaochukua spana na kuizungusha ile nati iliyo chini ya uso wa kipimajoto cha mshale hadi kisome 100. Tafadhali, nati hiyo iacheni.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu haiyakandamizi maji kwa nguvu kama hewa ya Mombasa, kwa hiyo huku huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Hapo hata uchochee moto namna gani, yatazidi kugeuka mvuke tu, joto halipandi. Ndiyo maana pia githeri ya huku huchelewa kuiva kuliko ya pwani. Kipimajoto kinachokuambia 94 kinakuambia kweli.

Sasa kiangalie kile kilicholazimishwa kusoma 100. Kimeongezewa nyuzi 6 kila mahali. Unapasha supu ya jana ukingojea 74, joto salama la kupashia upya. Mshale unafika, unaepua, kumbe supu iko 68. Maziwa mabichi unayashikilia kwenye 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, kumbe nusu saa nzima yamekaa kwenye 57, joto ambalo huwezi kulitegemea dhidi ya brusela wala kifua kikuu. Kisha anapewa mtoto. Nati moja tu imezungushwa, na kila namba inayosomwa jikoni humo tangu siku hiyo ni ya uongo.

Kama unataka kukijaribu, tumia barafu, kwa sababu barafu haijali mwinuko. Ponda vipande, jaza kikombe hadi juu, kisha mimina maji baridi kiasi cha kuziba nafasi tu. Barafu ikianza kuelea na maji matupu yakabaki chini, umeyazidisha, na huko chini kutakuwa na joto la nyuzi kadhaa. Koroga, ngoja dakika mbili, weka sindano katikati bila kugusa kando wala kitako cha kikombe. Kinapaswa kutulia kwenye 0, na kikikosea kwa nyuzi 1 hakuna neno. Kikikosea zaidi, hapo ndipo nati inapofanya kazi yake.

Kwa supu, nunua cha dijitali chenye sindano ndefu, sentimita 12 au zaidi, maana sufuria za Kamukunji zina kina na mvuke unaunguza mkono. Kihisio chake kiko kwenye ncha. Cha mshale huhisi kwa sehemu ndefu ya sindano, kwa hiyo kinataka kuzama kama sentimita 5, na supu ikiwa kidogo kinapima hewa na supu kwa pamoja. Tafuta chenye alama ya IP67, yaani kisichoingiza vumbi wala maji, kwani mvuke ukiingia kwenye kioo namba hufifia, kisha hupotea kabisa. Kile cha kupima paji la uso kilichoenea wakati wa korona hakifai: kimetengenezewa joto la mwili. Hata zile bastola za viwandani za kupima joto bila kugusa husoma ngozi ya juu tu, yaani ule utando wa mafuta wa supu ya mbuzi, na mvuke ukipita katikati zinababaika.

Namna ya kupima nayo ina maana yake. Koroga kwanza, ukifikisha mwiko chini kabisa. Itazame supu nzito ya ndengu: inarusha matone mekundumekundu ya mafuta na nyanya pale moto unapoigusa, ukadhani imechemka, na kumbe pembeni ni vuguvugu. Sindano ikae katikati ya kina, isiguse chuma cha sufuria wala mfupa. Ngoja namba itulie.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba supu inayotokota yote haihitaji kipimo. 94 inatosha, na nyanya zetu walijua kuitambua kwa macho. Lakini macho hayaoni supu inayopoa. Mbegu za bakteria wa *Clostridium perfringens* hustahimili kuchemshwa, kisha huamka joto likishuka chini ya 60. Sufuria ya lita 10 ya supu ya mifupa, ikifunikwa na kuachwa juu ya jiko usiku kucha, hubaki vuguvugu kwa saa nyingi mno, na harufu haitakuonya.

Ikishateremka hadi 60, inatakiwa ifike 21 ndani ya saa mbili, kisha 5 ndani ya saa nne zaidi. Igawe kwenye vyombo vipana, supu isizidi kina cha sentimita 5, viweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga, na upime katikati. Zile saa mbili zikikaribia kwisha na bado inasoma 30, irudishe motoni ichemke upya, halafu uigawe kwenye vyombo vidogo zaidi na maji ya beseni uyabadilishe.