Gazeti Nanunua Mimi, Mtaa Unajaza

Siku hizi wanunuzi wa magazeti tumebaki wachache, na tunatazamwa kwa huruma. Hapa Magomeni watu wengi husoma gazeti kwa kusimama. Mtu anafika kwenye meza ya muuza magazeti, mikono nyuma, shingo mbele, anapitia vichwa vya habari vyote kuanzia bungeni hadi Simba na Yanga, anaguna, anaondoka na msimamo uliokamilika. Kutwa nzima atabishana kijiweni kuhusu habari ambayo mstari wake wa pili hajauona.

Mimi hutoa hela. Tena sinunui kwa ajili ya bunge wala mpira, maana hayo yote nitasimuliwa bure na hao hao waliosoma wamesimama. Nanunua kwa ajili ya chemsha bongo. Ile ya visanduku, kwenda kulia na kwenda chini, iliyobanwa ukurasa wa ndani kati ya nyota zako na tangazo la zabuni ya magari chakavu. Nikishakuwa na penseli iliyochongwa na kikombe cha kahawa chungu, siihitaji dunia. Dunia ndiyo inayonihitaji mimi.

Maana ukishaketi kwenye benchi la kahawa na gazeti mkononi, hilo gazeti si lako tena. Kurasa za michezo zinachomolewa kabla hujakunja miguu. Habari za kimataifa anazichukua Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, ambaye hasemi "naomba". Husema "hebu" na mkono umeshafika. Siasa inakwenda kwa Mzee Shomari, anayeisoma kwa sauti, yale maandishi makubwa peke yake. Mimi mnunuzi nabaki na karatasi moja. Na kwa kuwa hiyo moja ndiyo niliyoitaka, ningenyamaza. Wasionyamaza ni wao.

Sijui kisanduku kitupu kina nini. Mtu ambaye kwake ana bomba linavuja tangu masika, na halimshughulishi, akiona kisanduku kitupu mapajani mwa mwenzake hapati amani mpaka kijazwe. Ukinong'ona kidokezo umeita mkutano. Juzi nilinong'ona tu: "Mji mkuu wa Burundi, herufi sita."

"Bujumbura," akasema Mwalimu kutoka nyuma ya habari za kimataifa. Zangu.

"Mwalimu, Bujumbura ni herufi tisa."

"Basi mtunzi kakosea visanduku."

Mtu amefundisha jiografia maisha yake yote, hawezi kushindwa na mtunzi wa gazetini. Nikamweleza kwa adabu, maana ni mkubwa wangu, kwamba Burundi walishapeleka makao makuu ya siasa Gitega tangu 2019, Bujumbura ikabakiziwa biashara. Herufi sita, zinaingia bila kusukumwa. Mwalimu akavua miwani. Akasema nchi jirani haiwezi kuhamisha mji mkuu yeye asisikie. Akasema sisi wenyewe tuliamua kwenda Dodoma mwaka 1973, sheria ya kuitangaza makao makuu ikaja kutungwa 2018, sasa hao Warundi wanakimbilia nini? Basi. Benchi zima likahamia Dodoma. Nani kaenda kweli, nani ana ofisi kule na familia huku, viwanja vya kule vimefika bei gani. Nikaandika GITEGA taratibu kwa penseli, nimeziba kwa kiganja, nchi ikiendelea kujadiliwa juu ya kichwa changu.

Halafu eti huu ni mchezo wa kupumzisha akili. Mtu aliyeuanzisha, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi gazeti la New York World, alitoa la kwanza tarehe 21 Desemba 1913. Alilichora kwa umbo la almasi, na neno la juu kabisa akawajazia wasomaji mwenyewe: neno la Kiingereza lenye maana ya raha. Raha! Alikuwa New York, kakaa na karatasi yake kwa utulivu. Hakuwa na Mwalimu ubavuni.

Na wale Wamarekani walikuwa na akili. Kitabu cha kwanza cha mafumbo haya kilipotoka, mwaka 1924, Simon & Schuster walikiuza kikiwa na penseli yake. Walijua. Mwenye penseli anaweka jibu huku ameacha mlango wazi. Sasa njoo kijiweni kwetu. Kuna kijana wa bodaboda tunamwita Kisigino. Abiria wakikosekana anaegesha pikipiki, anaegemea bega langu, na mfukoni ana biki. Ya bluu. Inayovuja. Aliona kidokezo cha "Hutoa maziwa", akaivuta karatasi na kuandika ng'ombe. Sawa, jibu ndilo. Lakini ile ritifaa juu akaipa kisanduku chake peke yake! Kwa hiyo E ikakosa pa kulala, akaiandika nje ya ukuta, kwenye zabuni ya magari chakavu.

"Dogo, hiyo alama haikai kwenye kisanduku."

"Mzee, sasa bila hiyo alama si anakuwa ngombe? Atatoa maziwa gani huyo?"

Benchi likamuunga mkono.

Hiyo ni cha mtoto. Msiba wenyewe ulikuja na sarafu. Mtunzi wa chemsha bongo akiishiwa hukimbilia sarafu, na kwa kujazajaza nimezikariri: Ghana sedi, Gambia dalasi, Botswana pula, Lesotho loti, Nigeria naira. Hela za Afrika nzima nazijua kwa herufi, hakuna hata moja iliyowahi kujuana na mfuko wangu. Basi kikaja "Sarafu ya Zambia, herufi sita". Hiyo hata usingizini, kwacha. Ndio kwanza penseli imegusa K, biki ikapita juu yake: KWANZA.

"Wewe! Kwanza ni hela ya Angola!"

"Si imeingia lakini, mzee?"

Imeingia, ndio ubaya wake! Sita hii, sita ile. Zote zinaanza na KWA, zote zinaishia na A. Wazambia na Wamalawi wana kwacha, Waangola wana kwanza, mimi nina Kisigino.

Ungetegemea neno la kwenda chini limuumbue. Pale alipoweka N, palipotakiwa C, kuna neno linaloshuka: "Hupatikana baharini, herufi tano". Mimi kichwani nina chaza wangu tayari, na lulu yake. Mzee Shomari, ambaye hata hakualikwa, akatua siasa chini na kusema, "Ikianza na N, hiyo nanga."

Nanga. Inapatikana baharini, siwezi kukataa. Herufi tano. Tena inaishia na A, na A hiyo ndiyo inayofunga Gitega yangu, ikakaa kimya kabisa. Kosa moja la wino limezaa mtoto mwenye afya njema. Kisigino akaikandamiza NANGA mpaka karatasi ikatoboka upande wa nyota. Wenye Mizani siku hiyo hawakujua kama wangepata mapenzi au safari.

Na mtunzi naye ana lawama yake. "Hupatikana baharini", ndio kidokezo hicho? Baharini hakupatikani nini? Kuna papa, pweza, chumvi, kandambili ya mguu mmoja, na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Angetaja lulu tu, mimi na Mzee Shomari tungeagana kwa heshima.

Nikasubiri haki itendeke kwenye herufi ya tatu. Hapo linaanza neno la kwenda kulia, herufi tatu: "Hulipwa shuleni". Nikawaonyesha kwa ncha ya penseli. Jamani, hili ni ada. Ada inaanza na A, A hiyo inatoka kwenye chaza, chaza anatoka kwenye kwacha, kwa hiyo nanga ing'olewe na Kisigino aniombe radhi.

Mwalimu akakohoa.

"Ada ilifutwa."

"Unasemaje, Mwalimu?"

"Shule za serikali, msingi mpaka kidato cha nne, ilifutwa 2016. Kidato cha tano na sita, 2022. Sasa gazeti la leo litaandikaje hulipwa? Neno hilo si ada."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Muuza kahawa akaingilia akiwa na birika mkononi: kwao hulipwa michango. Michango ikahesabiwa kwa vidole, ikafika nane, ikatolewa nje kwa masikitiko. Kisigino akasema hulipwa shuleni ni mtu, si kitu, yaani mwalimu, na Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa na kashata. Dogo mmoja mwenye simu akasema atauliza intaneti. Intaneti ikamletea orodha ya shule za kulipia zenye usafiri na uji wa asubuhi.

Hapo nikasema, kwa ujumla tu, kwamba wapo wazazi ambao watoto wao wanasoma hizo ingilishi midiamu, na huko ada haijafutwa, imeota mizizi. Wakanitazama wote. Mzee Shomari akasema kumbe ndiyo maana nina hela ya gazeti.

Nikaona niwape historia labda watastahi. Nikawaambia: mwaka 1944, Uingereza, karibu na tarehe 6 Juni, siku majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limetoa mafumbo yenye majibu ya ajabu. Utah. Omaha. Mulberry. Neptune. Overlord. Yote majina ya siri ya operesheni yenyewe! Wapelelezi wakamfuata mtunzi, Leonard Dawe, wakamhoji weee, hana analolijua. Naye hakuwa jasusi, alikuwa mkuu wa shule. Miaka mingi ikapita, mpaka 1984 mwanafunzi wake mmoja wa zamani akaeleza: mkuu alikuwa anawaachia wavulana wajaze maneno kwenye visanduku, kisha yeye anayatungia vidokezo, na maneno yale wavulana waliyaokota kwa askari waliokuwa kambini jirani na shule.

"Mnaona?" nikasema. "Mzee wa watu nusura aonekane msaliti wa nchi, kisa kuruhusu watu watie mikono kwenye fumbo lake."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa uchungu. Akasema hiyo inaonyesha wakuu wa shule wameanza kuonewa siku nyingi. Kisigino akauliza Omaha ina herufi ngapi, na akaanza kutafuta pa kuiweka.

Nikakunja karatasi yangu, nikalipia kahawa, ya kwangu na ya Mzee Shomari ambaye alikuwa ametazama pembeni, nikaondoka. Nyumbani kuna kivuli cha mwembe, kuna kiti, hakuna biki. Mama Rehema alikuwa na ungo wake, anachambua mchele, na mke wangu akichambua mchele hana habari na mtu. Nikaketi. Nikanyoosha karatasi. Ukimya mpaka nasikia mchele unavyoruka. Nikajisahau, ikanitoka kwa sauti: "Hulipwa shuleni, herufi tatu."

"Ada," akasema.

Jamani! Bila Burundi, bila Dodoma, bila kuhesabu vidole. Nikamwambia, mama Rehema, wewe ungekuwa unakaa pale kijiweni kile kijiwe kingekuwa na akili. Nikamweleza mpaka habari za Mwalimu, kwamba kuna watu wazima wenye elimu zao wanadai shuleni ada hailipwi.

"Hata wewe si hulipi?" Akapepeta mara mbili, makapi yakaniangukia magotini. "Ya muhula huu wamepiga simu leo asubuhi. Nimewaambia baba Rehema atapita mwenyewe, ametoka kidogo kununua gazeti. Na wakauliza gazeti la siku zote shilingi ngapi kwa muhula, nikawaambia nitakuuliza."

Niliwakuta wote wapo pale pale, birika limeongezwa maji. Nikaketi karibu na Mwalimu, nikampa ile karatasi aishike yeye.

"Mwalimu," nikasema, "nimelifikiria lile suala lako la 2016. Una hoja nzito sana. Hebu rudia polepole, na hii 2022 uiseme kwa sauti."

Nikamwomba Kisigino biki.