Kitovu kimezikwa hapa, barabara iko TARURA

Septemba 2020, wakati kampeni zimepamba moto, nilikaa benchi la nyuma katika darasa la shule ya msingi, kata moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuwasikiliza wagombea udiwani wakijieleza. Walikuja watatu. Wa nne alituma salamu. Kila mmoja alipewa dakika tano aseme kwa nini anaitaka kazi hiyo, na wote walianzia palepale: kitovu changu kimezikwa hapa. Mmoja alitutajia hadi mwembe.

Baada ya kitovu ikaja barabara, ile inayotoka kituo cha daladala hadi zahanati, ambayo mvua ikinyesha bodaboda wanapandisha nauli mara mbili. Wa kwanza aliahidi lami, wa pili zege. Wa tatu, mwenye busara kidogo, aliahidi kifusi.

Nilitamani kunyoosha mkono. Tangu Julai 2017 barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, ambayo ni wakala wa Serikali Kuu. Meneja wake wa wilaya haajiriwi na baraza la madiwani, na halina uwezo wa kumfukuza. Vijijini maji nayo yalihamia RUWASA, wakala mwingine wa Serikali Kuu, mwaka 2019. Kodi ya majengo ilichukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika kalamu ya malipo, huteuliwa na Rais. Kwa hiyo yule aliyesimama mbele ya ubao akiahidi lami alikuwa anaomba kiti kimoja na kuahidi kazi za kiti kingine.

Wapo wanaoniambia kwamba nalichukulia jambo hili kwa uzito usiostahili. Maelezo ya mtia nia, wanasema, ni kama hodi: hakuna anayepima maneno yake, muhimu ni nani anabisha. Watu wanajua wanamtaka diwani wa namna gani. Awe anafika msibani kabla ya maiti kutoka hospitali. Awe anajua mtoto wa nani amerudishwa shule kwa kukosa sare. Simu yake ipatikane saa nane usiku mama mjamzito anapozidiwa na gari hakuna. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi hana haja ya dakika tano za kujieleza, na asiyeishi hivyo hata apewe saa nzima hatafua dafu.

Hoja hii isichekwe, maana inaielewa kazi yenyewe. Katika kata nyingi diwani hana ofisi ya kueleweka, na watu humfuata nyumbani alfajiri, kanga mabegani, kabla hajapiga mswaki. Huyu anataka barua, yule amegombana na jirani kuhusu mpaka, mwingine mgambo wamembebea meza. Sheria haisemi hivyo, lakini diwani ndiye mlango wa mwisho ambao mwananchi anaweza kuugonga bila kuulizwa kitambulisho. Hata kwenye barabara kuna la kumtetea. TARURA huleta taarifa zake kwenye baraza, na nimeona jinsi diwani mkali anavyoweza kumkalisha meneja kikaangoni mpaka greda likaonekana kwenye kata yake wiki iliyofuata. Hana mamlaka, ila ana mdomo, na nchi hii mdomo umejenga makalavati mengi.

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye bei ya wema huo. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovitengua vifungu hivyo mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Zote mbili ni hatua njema, lakini hazina cha kufanya na mtu anayechangia turubai la msiba mwezi Machi. Turubai la Machi ni utu, la Septemba ni rushwa, na fundi wa siasa za kata hujua kuhesabu miezi. Kinachotokea ni kwamba mwenye kipato kidogo, hata awe na akili ya kuendesha halmashauri nzima, hawezi kushindana na miaka kumi ya maturubai.

Halafu kuna swali la nani anayasikia hayo maelezo. Mtia nia wa chama tawala huyatoa kwenye kura za maoni, mbele ya wanachama, kwa dakika chache. Sote tunaukumbuka utani ulioenea mwaka 2020, kwamba wajumbe si watu: mtu amewalisha pilau, wamemwimbia, sanduku likifunguliwa ana kura mbili, yake na ya mkewe. Tulicheka sana. Lakini mwaka 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwa kwenye karatasi ya kura, na kwenye kata nyingi mshindani wa maana hakuwepo, hivyo diwani alipatikana Agosti, kwenye kura za maoni. (Oktoba 29, siku yenyewe ya uchaguzi, ina mazito yake, yanayodai makala ya peke yake.) Mkazi asiye na kadi ya chama hakupata kusikia kwa nini mtu huyo anataka kumwongoza, wala kumuuliza swali. Wanaosema kujieleza ni hodi tu wanasahau kwamba kuna wenye nyumba ambao hodi hiyo haikuwafikia kabisa.

Posho nayo haiepukiki. Kwa miaka mingi kiwango kilichokuwa kikitajwa ni Sh350,000 kwa mwezi, ukiacha posho za vikao. Hali ilikuwa mbaya hadi kwenye halmashauri maskini madiwani walikaa miezi bila kuziona, na mwaka 2021 Serikali Kuu ikatangaza kubeba mzigo huo kwenye halmashauri 168 zenye mapato madogo. Sasa mtu anauza kiwanja agombee kazi ya Sh350,000, na mtaani wanauliza: atazirudishaje? Kwenye zabuni, wanajibu wenyewe, au kwenye viwanja. Wengine wanasema hapana, ni heshima, ni kuitwa mheshimiwa, ni ngazi ya ubunge. Mimi sioni kosa kwenye jibu hili la pili. Mtu anayetaka ubunge kesho ana sababu ya kuogopa kuharibu leo, na ningemwamini zaidi akilisema wazi kuliko huyu anayetuapia kwamba anasukumwa na uchungu wa wananchi peke yake.

Elimu nitaipitia haraka. Sheria inataka mgombea awe na miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kuna wanaodai shahada; Kenya ilijaribu sharti kama hilo kwa wawakilishi wa wadi, na Mahakama Kuu ikalitengua mwaka 2021. Sidhani tumepoteza kitu. Jedwali la mapato ya halmashauri analiweza vizuri mama aliyeendesha genge kwa daftari la madeni.

Na jedwali hilo ndilo kazi yenyewe. Kabla ya kila kikao cha baraza, kila robo mwaka, diwani hupewa kabrasha. Ni rundo la karatasi lenye taarifa za kamati, makusanyo, matumizi, miradi iliyokwama na hoja za mkaguzi ambazo hazijajibiwa. Wengine hulifungua wakiwa tayari wamekaa kikaoni, chupa ya maji mkononi. Humo ndimo kiti cha udiwani kina meno: kupitisha bajeti au kuirudisha, kutunga sheria ndogo, kupanga ushuru wa masoko, kuuliza fedha za kituo cha afya zimeishia wapi.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha mabilioni hayarejeshwi, ikarudi mwaka 2024. Mkaguzi alitoka mbali kuja kugundua hayo. Lakini kikundi cha watu watano kikikopa kwa jina la ufugaji wa kuku na kuku wenyewe hawaonekani, wa kwanza kujua ni watu wa kata, na kamati ya maendeleo ya kata mwenyekiti wake ni diwani. Bado sijamsikia mtia nia akisema anagombea ili avikague vikundi vya mikopo. Pengine ni kwa sababu wanavikundi nao wanapiga kura.

Ndiyo maana siwezi kuwabebesha wagombea lawama zote. Sisi tunaouliza swali ndio tunaowafundisha jibu. Ukiwauliza watu mia pale darasani wanataka nini, tisini watasema barabara, na mgombea atakayesimama kuwaeleza kuwa barabara iko TARURA ataonekana anatafuta visingizio hata kabla hajachaguliwa. Anaahidi lami akijua ni uongo, nasi tunapiga makofi tukijua kwamba anajua.

Siku ile, mwishoni, alisimama mama mmoja muuza dagaa. Alisema analipa ushuru wa meza kila siku, kijana anakuja na mashine, anatoa risiti, na choo cha soko kina kufuli mwezi wa nne sasa. Akauliza hiyo hela inakwenda wapi. Lilikuwa swali la udiwani kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile: soko la halmashauri, ushuru wa halmashauri, choo cha halmashauri.

Wa lami alisema akichaguliwa atajenga soko la kisasa la ghorofa. Wa zege akasema suala hilo ni la kitaifa. Wa kifusi alitoa kalamu, akamuuliza risiti anazitunza? Mama akafungua fundo la kanga, akatoa kibunda kilichonuka dagaa. Jamaa akazihesabu palepale mbele yetu, akanukuu jumla kwenye kiganja, akasema ataomba taarifa ya makusanyo ya soko zima ailinganishe. Watu walikuwa wameshaanza kuinuka. Mwenyekiti wa mdahalo akamwambia muda wake umekwisha.

Alishika nafasi ya tatu. Choo kilifunguliwa mwaka uliofuata, kwa Sh200 kwa kila anayeingia.