Simu tunaishika tukiwa kwenye foleni

Kuna mwandishi ameandika kwamba sisi vijana tunamaliza siku nzima kwenye simu, tukichati. Kaka, njoo Chanika, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri ujionee. Giza totoro, kituo kimeshajaa, daladala ikisimama wengine wanaingilia dirishani. Mimi mchana nauza vitenge Kariakoo, jioni nasoma uhasibu, mwaka wa pili. Duka linafunguliwa saa mbili, lakini ukitoka nyumbani saa kumi na mbili umeshachelewa, maana kuanzia Gongo la Mboto hadi Tazara hakuendeki. Kwenda na kurudi, saa tano zangu zinaishia barabarani, nyingi nikiwa nimesimama: mkono mmoja kwenye bomba, mwingine na simu, nasoma noti alizonipigia picha mwenzangu siku niliyochelewa kipindi. Huko ndiko "kuchati" kwenyewe! Darasa linaisha saa mbili na nusu usiku. Nikifika, mama ameshalala, ugali umefunikwa sahani, umepoa zamani. Jumapili nafua, nasuka nywele, basi imekwisha. Halafu bosi ananiuliza mbona napiga miayo mbele ya wateja.