Vocha ya ndege ni mkopo, na mkopeshaji ni abiria

Jioni moja katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ndege mbili zinasubiriwa kwenda Amsterdam, moja ya KLM na nyingine ya Kenya Airways. Tuseme zote mbili zinafutwa saa chache kabla ya kuondoka, kwa ubovu wa kiufundi unaofanana. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, abiria wa KLM anaweza kudai fidia ya euro 600, mbali na nauli yake. Mwenzake wa Kenya Airways, waliyekaa naye benchi moja na ambaye pengine kalipa zaidi, hana hata senti ya kudai kwa sheria hiyo. Wiki mbili baadaye, balaa lilelile likiwakuta Amsterdam wakati wa kurudi nyumbani, wote wawili wana euro 600 zao.

Hakuna mchezo mchafu hapo. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Februari 2005, inazishika ndege zote zinazoondoka ndani ya Umoja huo, ziwe za nani. Zinazoingia kutoka nje inazishika pale tu shirika linapokuwa la Ulaya. Tena kinachotazamwa ni nani anarusha ndege, wala si nani aliuza tiketi. Ndiyo maana yale maandishi madogo chini ya namba ya safari, yanayotaja shirika litakalokubeba hasa, yanaweza kuwa na thamani kuliko menyu ya chakula ambayo wengi wetu tunaisoma kwanza.

Mfano huu unasaidia kutenganisha mambo ambayo huku kwetu yanatiwa kapu moja kila ndege inapofutwa. Kuna nauli, yaani hela yako uliyotoa kwa huduma usiyopata. Kuna matunzo: chakula, maji, kitanda cha kulala wakati unasubiri. Na kuna fidia, malipo ya usumbufu juu ya nauli. Mashirika yanapolalamika kwamba sheria zinawaua, kwa kawaida wanasema kuhusu fidia. Abiria wanapolalamika kwamba wameibiwa, kwa kawaida wanasema kuhusu nauli. Wanazungumza wasikutane, na katikati ya kelele hizo inaingia vocha, yaani hati ya kukatia tiketi nyingine badala ya kurudishiwa hela.

Nianze na upande wa mashirika, maana mitandaoni hawana wakili. Mwezi Juni 2024 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria kwamba faida halisi ya mwaka huo ingekuwa dola 6.14 kwa kila abiria. Hiyo ni faida ya chai na vitafunwa. Kisha mwangalie abiria mmoja wa Ryanair aliyekwama Faro, Ureno, Aprili 2010, wakati majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa. Tiketi yake ilikuwa euro 98. Gharama zake za kula na kulala hadi apate ndege zilizidi euro 1,100. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba fidia haidaiwi, kwa kuwa volkano si kosa la mtu, lakini matunzo lazima shirika lilipe, hata mara kumi ya nauli.

Mahakama hiyohiyo imekuwa ikiubana mlango wa udhuru mwaka hadi mwaka. Mwaka 2008 ilisema ubovu wa kawaida wa ndege ni sehemu ya biashara, si dharura. Mwaka 2009 ikaongeza kwamba kuchelewa kufika kwa saa 3 au zaidi kunastahili fidia kama kufutwa, jambo ambalo maandishi ya kanuni yenyewe hayakulisema. Mwaka 2021 mgomo wa marubani wa shirika lenyewe ukatolewa kwenye orodha ya udhuru. Uingereza, iliyobaki na sheria hiyo baada ya kujitoa Ulaya, nayo mwaka 2024 ikasikia Mahakama yake ya Juu ikisema rubani kuugua ghafla si tukio lisilo la kawaida. Mtu wa shirika la ndege akiuliza sasa udhuru ni upi uliobaki, swali lake si la kijinga.

Yupo atakayeongeza hoja ya usalama: rubani akijua kwamba kuripoti taa moja iliyowaka kutaligharimu shirika euro 600 mara abiria 300, hatasita? Hoja hii naiona inapigiwa debe kuliko uzito wake. Ulaya wameishi na sheria hiyo miaka zaidi ya 20 na anga lao ni miongoni mwa salama zaidi duniani.

Lakini kwa shirika dogo hesabu hubadilika. Mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililowakuta wenye ndege hizo katika nchi nyingi. Shirika kubwa likipoteza ndege tatu linaazima nne. Lenye ndege chache likipoteza tatu, ratiba nzima inapukutika. Ukilibebesha fidia ya kiwango cha Ulaya kwa kila kiti, hujamlinda abiria wa Mwanza, umemwondolea ndege. Hata Ulaya kwenyewe wameanza kuvutana: Juni 2025 mawaziri wa nchi wanachama walikubaliana kusogeza kizingiti kutoka saa 3 hadi saa 4 kwa safari fupi na saa 6 kwa ndefu, na fidia iwe euro 300 au 500. Bunge la Ulaya likapinga kuachia saa 3.

Upande wa pili wa fidia nao una neno. Bila fidia, kufuta ndege ya asubuhi yenye watu 20 na kuwasukumia ya jioni kunalipa, na anayegharimika ni mtu aliyekosa usaili, msiba au meli. Kanuni ya Ulaya ililiona hilo: shirika likimwarifu abiria siku 14 au zaidi kabla ya safari, halidaiwi fidia. Maana yake, anayepanga mapema hasumbuliwi, anayebahatisha ndiye analipa. Kwa hiyo kwenye fidia mimi ni mtu wa katikati, na sioni aibu kukaa hapo.

Kwenye nauli sipo katikati.

Basi likiharibika Chalinze, konda ana njia mbili: awafaulishe abiria kwenye basi jingine, au arudishe nauli. Sijawahi kumsikia konda akimwambia abiria, “Hela yako ipo, utaipandia mwakani.” Akithubutu, hatafika Morogoro akiwa na kola ya shati. Ndege inamfanyia abiria jambo hilohilo, na tunakubali kwa sababu linakuja kwa lugha laini na ujumbe wenye nembo ya shirika.

Tazama Marekani, nchi ambayo sheria yake haimlipi abiria fidia kwa ndege kuchelewa au kufutwa. Huko nako nauli haichezewi. Novemba 2022 Wizara ya Uchukuzi ilitangaza kwamba mashirika sita yamerudisha au yatarudisha zaidi ya dola milioni 600 walizokuwa wamezishikilia, TAP ya Ureno ikiwa na dola milioni 126.5 na Air India milioni 121.5. Mwezi uliofuata Southwest ikafuta safari zipatazo 16,900 na kukwamisha watu zaidi ya milioni 2, na mwaka mmoja baadaye ikapigwa faini ya dola milioni 140. Mwaka 2024 ikaja kanuni mpya: safari ikifutwa, au ikisogezwa kwa saa 3 ndani ya nchi na saa 6 kimataifa, na abiria asikubali mbadala, nauli irudi yenyewe bila kuombwa, ndani ya siku 7 za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo na siku 20 kwa njia nyingine. Hata tiketi inayoitwa ya “nauli hairudishwi”. Neno hilo linahusu abiria anapobadili nia yake. Shirika likifuta safari, aliyebadili nia ni shirika.

Mashirika yana jibu moja zito hapa, nalo ni mwaka 2020. Tiketi zinauzwa miezi kabla, na hela ya safari ya Desemba ndiyo inayonunua mafuta ya leo. Korona ilipozishusha ndege zote, IATA ilisema mashirika yanadaiwa dola bilioni 35 za tiketi ambazo safari zake hazikufanyika. Wakaziomba serikali ziruhusu vocha badala ya fedha: wote wakidai siku moja, hatabaki wa kudaiwa. Ni hoja ya benki inayokimbiliwa na wateja, na ilikuwa kweli. Nchi kadhaa za Ulaya ziliiunga mkono. Kamisheni ya Ulaya ilikataa kulazimisha: Mei 2020 ilishauri vocha ziwe za hiari, zivutie, zilindwe shirika likifilisika, na zisipotumika zirudishwe kuwa fedha.

Huo ushauri unaonyesha vocha ni kitu gani hasa. Ni mkopo. Abiria anamkopesha shirika, bila riba na bila dhamana, na kwa kawaida haulizwi kama ana uwezo wa kukopesha. Afrika Kusini walilipia somo hilo. Comair, iliyokuwa ikirusha ndege za bei nafuu ziitwazo kulula na ndege za ndani zenye nembo ya British Airways, ilishaingia kwenye usimamizi wa kuokolewa mwaka 2020, ikarudi angani, kisha usiku wa kuamkia Juni 1, 2022 ikasimama na baada ya siku chache ikaanza kufilisiwa. Mwenye tiketi akageuka mdai asiye na dhamana, nyuma ya mabenki kwenye foleni.

Sisemi vocha ni uovu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai kila miezi miwili, akipewa vocha ya asilimia 120 ya nauli, isiyofungwa kwa jina lake, achukue. Huo ni mkopo wenye riba nzuri. Shida ni vocha ya asilimia 100 yenye mwaka mmoja, maana hiyo tayari ni pungufu ya hela uliyotoa, na masharti yanaipunguza zaidi. Je, tarehe ya mwisho ni ya kukata tiketi au ya kumaliza safari? Nauli mpya ikizidi, tofauti ni yako. Ikipungua, chenji inarudi au inayeyuka? Na je, mwanao anaweza kuitumia?

Kwetu hapa ulinzi upo, ila ni mwembamba na hautangazwi. Kenya na Tanzania zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za kimataifa. Kwa kuchelewa, shirika linawajibika kwa hasara hadi SDR 6,303, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na zaidi ya dola 8,000, kiwango kilichopandishwa mwishoni mwa Desemba 2024. Yule abiria wa Kenya Airways wa benchi la Nairobi anaweza kujaribu njia hiyo. Lakini hapati kiwango maalumu: lazima athibitishe hasara kwa risiti, shirika linaruhusiwa kujitetea kwamba lilifanya kila linalowezekana, na kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Tanzania kuna pia baraza la watumiaji wa usafiri wa anga chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, na Kenya malalamiko hupelekwa kwa mamlaka kama hiyo, KCAA. Wengi hawafiki huko kwa sababu wamekwama mapema zaidi, kwa wakala. Shirika linasema hela imerudishwa kwa wakala, wakala anasema haijafika. Wamarekani walilikata hilo kwa kuuliza swali moja: jina la nani lilitokea kwenye taarifa ya kadi kama mpokeaji? Huyo ndiye alipe. Aliyelipa kwa kadi ana mlango mwingine, kupinga malipo benki kwake. Aliyelipa taslimu kwa wakala hana.

Ningekuwa na sauti Dodoma au Nairobi, ningeanza na kifungu kifupi: safari ikifutwa, nauli irudi ndani ya siku zinazohesabika, na vocha itolewe kwa ridhaa ya maandishi tu. Fidia ningeiacha ije baadaye, ikipimwa kwa nauli badala ya kilomita kama Ulaya. Mashirika yatasema hata hicho kifungu kifupi kitawaumiza. Kitawaumiza kweli wale wanaoendesha biashara kwa hela ya safari ambazo hawatarusha.

Mimi mwenyewe nilishabonyeza “Kubali”. Shirika, nisilolitaja, lilifuta ndege yangu ya asubuhi kwenda Mwanza na kunitumia ujumbe wenye kitufe kimoja cha kijani. Nilikuwa na haraka, nikadhani nakubali taarifa. Kumbe nilikubali vocha ya shilingi 280,000. Niliitumia baada ya miezi tisa kwenda Kigoma, tiketi ikawa 235,000, na zile 45,000 zilizobaki ziliisha muda wake mwezi wa kumi na mbili, nikiwa kwenye basi.