Gigabaiti za Shangazi

Shangazi yangu anauza viungo Marikiti, na mizani ya mtu mwingine haiamini hata ikiwa ya daktari. Jumamosi moja aliniita kwake Kibokoni nimhifadhie video za harusi ya bintiye mkubwa. Alikuwa amenunua diski ya nje, boksi lake limeandikwa 1 TB, yaani gigabaiti elfu, kwa herufi za kuonekana toka mbali. Laptopu yake ni nzee, niliitia mfumo wa Linux baada ya Windows kuilemea, kwa hiyo nikamwambia kazi ni ya mara moja tu. Akaniwekea kahawa chungu na kashata, akavaa miwani, akavuta kiti akaketi ubavuni mwangu. Alikuja kutazama.

Kwanza kuitambua diski. Nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski, kabla ya kuchomeka waya: sda, 298.1G, hiyo ndiyo ya ndani. Nikachomeka, nikarudia, pakazuka sdb. Hapa ndipo watu hulia, maana majina hayo hutolewa kwa zamu tu. Leo ni sdb, kesho yaweza kuwa sda, na ukifomati siyo, umeifuta harusi ya watu. Nikahakiki modeli, nikahakiki ukubwa: 931.5G.

"Hiyo mia tisa thalathini na moja ni nini?"

"Ndiyo diski yako, shangazi."

"Yangu ni elfu."

Nikamweleza. Kiwandani gigabaiti moja ni baiti bilioni moja kamili, elfu mara elfu mara elfu. Hii lsblk yenyewe huzidisha kwa 1024. Ni kama mmoja amepima kwa ratili na mwingine kwa kilo, mzigo ni ule ule. Nikajiona nimesema la maana.

"Kilo ni gramu ngapi?"

"Elfu."

"Sasa hiyo ishirini na nne umeitoa wapi?"

Ikabidi nifungue fdisk, programu ya kugawa diski, maana yenyewe huziandika baiti zote bila kufupisha: 1000204886016. Shangazi akachana kipande cha gazeti, lile la kufungia pilipili manga, akazinakili tarakimu moja moja kwa biro iliyokuwa ikikwama, akatia mkato kila baada ya tatu. Akanyamaza. Trilioni moja, na juu yake milioni mia mbili na nne na ushei.

"Mwenye duka ameongeza," akasema. "Muungwana yule. Basi aliyepunguza yumo humu ndani."

Humu ndani tulikuwa wawili.

Kuigawa hakukuwa na neno: g ya jedwali la GPT linaloorodhesha mafungu ya diski, n ya patisheni (fungu) moja, w ya kuandika. Kabla ya w fdisk haigusi kitu, ukiingiwa na hofu unatoka kwa q. Kisha mkfs.ext4 kwenye sdb1, yaani kuliandaa fungu hilo kwa mpangilio wa mafaili uitwao ext4. Nikaipachika kwenye mfumo, na kwa mazoea tu nikaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi iliyopo. Jumla 916G. Iliyo wazi kutumika, 870G.

Miwani ikashuka hadi ncha ya pua.

"Ilikuja elfu. Ikawa mia tisa thalathini na moja. Mara mia tisa kumi na sita. Sasa mia nane sabini. Na hujatia hata video moja!"

Nikamwambia kumi na tano hivi zimeingia kwenye jedwali la inodi, ambamo mfumo huandika kila faili ni ya nani na imelala wapi. Hilo alilikubali kwa shingo upande.

"Na arobaini na sita?"

"Ext4 hutenga asilimia tano kwa ajili ya root, ili diski ikijaa mfumo usikwame."

"Root ni nani?"

Nikaona ninakopelekwa, lakini mdomo ulishatangulia.

"Ni msimamizi wa kompyuta."

"Kompyuta ni yangu. Msimamizi ni nani?"

"Ni mwenye nenosiri."

"Nenosiri analo nani?"

Nikanyanyua kahawa ninywe. Kikombe kilikuwa kitupu kitambo.

Akamwita bintiye mdogo atoke jikoni aje ashuhudie. Kusema kweli diski ya kuwekea video tu haina haja na akiba ile, kwa hiyo nikaandika tune2fs -m 0 /dev/sdb1 ya kuishusha akiba hadi sifuri, nikarudia df. Iliyo wazi: 916G. Nilitarajia ahsante.

"Mwamuona?" shangazi akamwambia binti. "Akibanwa hurudisha."

Video ziliingia zote, nikazifungua moja moja mbele yao, kuanzia kesha mpaka kupamba. Nikaaga. Sijafika Makadara, simu inalia: ami yangu wa Likoni, mtu ambaye kompyuta huiona benki tu.

"Nasikia umerudisha arobaini na sita," akasema kwa upole ule wa watu wazima wakisuluhisha. "Umefanya vyema, mwanangu. Sasa zile themanini na nne utazilipa kwa awamu au kwa mara moja?"