Sikupiga selfi na marehemu

Naanza na hilo, maana najua wengi mmekuja hapa moja kwa moja kutoka kwenye kundi la wastaafu. Kuna mwenzangu mmoja huko (mwalimu wa Hisabati, tulifundisha shule moja, jina namhifadhia kwa kuwa bado namwombea) ameweka sauti ndefu akisimulia eti nilipiga selfi na marehemu kwenye msiba wa watu, huku anacheka mpaka anapaliwa. Nimeisikiliza yote. Nusu yake ni uongo mtupu. Hiyo nusu nyingine ndiyo imenifanya nikae chini niandike.

Wastaafu wenzangu hawahitaji kuelezwa uhakiki ni nini. Ninyi mlio bado kazini, mjue hivi: ukishaanza kula pensheni, mfuko wa pensheni unataka uthibitishe kuwa bado uko hai. Usipothibitisha, malipo yanasimama. Zamani tulibeba vitambulisho tukaenda kupanga foleni. Siku hizi unaingia kwenye akaunti yako kwa simu, unaweka uso mbele ya kamera, unapepesa macho, imetoka hiyo, uko hai. Ujumbe wa kunikumbusha ulishakaa sana kwenye simu yangu nikiuambia kesho, kesho. Kesho yenyewe ikanikuta Songea, msibani, kwa upande wa mume wangu. Baba mkwe mdogo, mzee wa watu, apumzike kwa amani.

Jambo la pili. Ukoo mzima wa mume wangu ulikuwa unajua kwamba mafao yangu, ule mkupuo wa hela unaolipwa mara moja ukistaafu, hayajatoka.

Walijuaje? Niliwaambia mimi. Msinitazame hivyo, ninyi nyote mna mashemeji. Ukistaafu ualimu, kabla barua haijakauka wino, mmoja ana wazo la bodaboda, mwingine la kuku wa mayai, wa tatu nyumba yake imefika kwenye lenta na inakungoja wewe uje uipaue. Kwa hiyo kila aliyeuliza nilimjibu kwa upole, "Shemeji, bado wanashughulikia." Hela ilishaingia, ilishatoka, na ilishakaa kwenye hatifungani za serikali (yaani nimeikopesha serikali kwa muda, kwa riba) ambako hata mimi mwenyewe siigusi. Hayo ni maelezo marefu, msibani mtu hana muda.

Haya. Jioni, sebuleni. Wanawake tumejaa kwenye mikeka na magodoro, wanaume wako nje kwenye turubai, mwinjilisti amesimama mlangoni ili asikike pande zote mbili. Mtandao katika nyumba ile unapatikana sehemu moja tu, dirishani. Na dirishani kuna meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza kuna picha ya marehemu kwenye fremu, kubwa, amevaa suti, anatabasamu vizuri kweli.

Nikajisogeza taratibu mpaka dirishani, nikaipa mgongo meza. Nikaingia kwenye akaunti: namba ya uanachama, neno la siri, zile tarakimu za kwenye meseji. Ikakubali. Nikafurahi, nikabonyeza uhakiki. Likatokea duara, na maandishi chini yake: weka uso ndani ya duara. Nikaishika simu kwa mikono miwili, maana mkono mmoja unanitetemeka, nikaibana sawasawa pembeni ili isicheze.

Pembeni ya simu kuna nini? Vitufe vya sauti. Kwenye simu kama yangu, ukivibana vyote viwili kwa sekunde kadhaa, unaamsha msomaji wa skrini, ile huduma waliyowekewa wasioona. Nilikuwa silijui hilo. Simu iliponiletea kidirisha fulani cha kuuliza kitu, nilibonyeza ndiyo, kama ninavyobonyeza ndiyo kila mahali.

"TalkBack imewashwa."

Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyetulia, kama mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo redioni. Kwa sekunde ile ya kwanza baadhi ya watu walidhani ni sehemu ya ibada. Mwinjilisti alisita kidogo, akaendelea. Nami nikajua, Mungu shahidi, kwamba ikitulia hapo nimepona.

Ikasema, "Nyuso mbili zimeonekana. Hakikisha mhusika yuko peke yake."

Nikageuka nyuma. Na sebule nzima ikageuka. Wote tukamtazama baba mkwe mdogo kwenye fremu, naye akatutazama, anatabasamu.

Wifi yangu mkubwa akaniuliza, polepole, kwa sauti ile ambayo mawifi wameitunza tangu siku ya harusi, "Mwalimu, unapiga picha na marehemu?"

"Hapana wifi, nathibitisha niko hai."

Hiyo sentensi nimeisema mimi, kwa kinywa changu, mbele ya wafiwa. Hapo mwenzangu hajaongeza chumvi.

Sasa ngojeni niwaeleze shida ya msomaji wa skrini, ili siku likiwakuta mjue. Ukikigusa kitu mara moja hakifunguki wala hakifungi. Kinasomwa. Ili kifanye kazi lazima ukigonge mara mbili haraka haraka. Mimi hilo sikulijua, na hata ningelijua, kidole kilikuwa hakinisikii. Niligongagonga nirudi nyuma, kwa bahati zikatokea mbili za haraka, nikarudi kweli, kwenye ukurasa wa mwanzo wa akaunti, ule wenye mambo yako yote. Kisha nikaanza kupapasa kioo nikitafuta pa kufungia. Kila nilipopitisha kidole, yule mama akasoma alichokikuta.

"Jina la mwanachama." Akalitaja, la kwanza, la kati na la ukoo.

"Hali ya mkupuo: umelipwa."

Mlangoni mwinjilisti alikuwa amefika kwenye "sisi si kitu, tu mavumbi", na nadhani hakuna aliyemsikia. Niliona kichwa cha shemeji wa bodaboda kikichungulia dirishani kutokea nje. Alikuwa amekaa huko chini ya dirisha muda wote. Dirisha lenyewe halikuwa na kioo, ni wavu wa mbu.

"Kiasi cha mkupuo: shilingi mi..."

Nikakohoa. Nilikohoa kikohozi ambacho sijawahi kukikohoa hata nilipougua nimonia. Watu wawili walinipiga mgongoni, mmoja akaitisha maji. Kikohozi kilipoisha kiasi kilikuwa kimepita, na mpaka leo hakuna aliyekisikia. Nasisitiza hapo kwa sababu kwenye ile sauti mnaambiwa simu ilitaja milioni mia mbili. Simu haikutaja. Kikohozi kilitosha.

Ila nilipokuwa nakohoa kidole gumba kilikuwa bado kiko kwenye kioo, nacho kikateleza chini mstari mmoja.

"Pensheni ya mwezi: shilingi laki nne na elfu themanini."

Hiyo ilisikika mpaka jikoni. Nikajifariji moyoni kwamba si neno, pensheni ya mwezi haitishi mtu, haipaui nyumba. Na kweli watu walianza kuinamisha vichwa turudi kwenye maombi. Hapo ndipo mwenzangu wa Hisabati, aliyekaa pembeni yangu, aliyekuja msibani kwa kunisindikiza mimi, macho yakamtoka akatazama dari, akasema kwa ile sauti ya ubaoni ya miaka thelathini na ushee:

"Mara mia. Milioni arobaini na nane."

Kwa ambao hamjawahi kulala na kikokotoo, ile kanuni ya kuhesabu mafao: sisi tuliotoka kwenye mifuko iliyokuwa inalipa mkupuo wa asilimia 50, tulishushwa hadi 33 kuanzia Julai 2022, kisha bajeti ya 2024 ikatupandisha hadi 40. Asilimia 60 zinazobaki unalipwa mwezi mwezi. Yote mawili yanatoka kwenye pensheni yako ya mwaka mzima: ile 40 ya mkupuo unazidisha kwa 12.5, ile 60 ya pensheni unagawanya kwa miezi 12. Kaeni na kalamu: 12.5 mara 12 ni 150, zidisha kwa 40, gawanya kwa 60. Inatoka 100 kamili, bila hata desimali. Yaani mtu akishaijua pensheni yako ya mwezi, anaongeza sifuri mbili tu, mkupuo wako wote anao mkononi. Miezi yote niliyoficha, nilikuwa nimejificha nyuma ya sifuri mbili.

(Na sasa nimewaandikia hapa wenyewe. Haya, kuleni.)

Nikafanya jambo ambalo mwanamke yeyote angelifanya: nikaitumbukiza simu kifuani, mahali tunapowekea hela, nikakunja mikono, nikainamisha uso kwenye maombi. Simu za siku hizi zinasikia ngozi. Kila nilipovuta pumzi, kioo kiliguswa. Kutoka ndani ya blauzi yangu, katikati ya ukimya wa wafiwa, yule mama akaendelea kwa utulivu wake.

"Wategemezi."

Nikabana pumzi. Nikaiachia.

"Mafao ya warithi."

Mama mmoja mzee, nadhani ni dada wa marehemu, akaangua kilio upya. Sikujua kama analia msiba au ananililia mimi. Nikabana pumzi tena, nikawa nahesabu kimoyomoyo, nikijua kabisa kwamba mwanadamu hawezi kuacha kupumua mpaka ibada iishe, hasa mwanadamu ambaye shughuli yake pale ilikuwa kuthibitisha yu hai. Nilipoiachia niliiachia kwa kishindo.

"Toka. Gonga mara mbili ili kutoka."

Mwinjilisti akasema amina kabla ya wakati. Nikatoka.

Yaliyofuata ni ya kupita haraka. Kijana wa kidato cha pili aliichukua simu nje, akabana vile vile vitufe viwili, yule mama akaaga, "TalkBack imezimwa," basi. Kijana hakunicheka, amelelewa vizuri. Mweka hazina wa kamati ya msiba alinifuata na daftari kuniambia kwamba elfu hamsini yangu ya rambirambi ilikuwa bado imeandikwa kwa penseli, kama ningependa kuifikiria upya. Niliifikiria upya. Shemeji wa nyumba ya lenta alinipa pole ya msiba mara nyingi kuliko alivyopewa mjane. Mume wangu, ambaye mkupuo alikuwa anaujua lakini si kwa tarakimu yake kamili, hakusema kitu njiani kote, na sisi tulipita njia ndefu. Tarakimu alikuwa nayo ya chini zaidi, tusiingie huko.

Uhakiki niliufanya asubuhi yake, nje, nimesimama kwenye ukuta mtupu wa banda la ng'ombe baada ya kumwambia kila mtu akae mbali, mtandao wenyewe nimeuchungulia kwa kuinua simu juu ya paa. Nikapepesa macho kama nilivyoagizwa. Ikakubali mara moja, uso mmoja.

Mnaoniandikia pembeni kuuliza kama hatifungani zinaweza kuvunjwa kabla ya muda: zinauzika, ndiyo, na siuzi. Anayeuliza kama nina riba nafuu, mimi si benki. Na wewe wa Hisabati, naona umeshasoma hapa, umeweka na kicheko. Pensheni yako mwenyewe nayo naijua, uliniambia kwenye basi tukienda. Sifuri mbili ninazo.

Pensheni ya mwezi huu imeingia juzi. Shemeji wa bodaboda alinipigia kunipongeza kabla meseji ya benki haijafika.