Wahakura na sigara: kikapu hiki si kusalimu amri

Huko New Zealand kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu akina mama wa Kimaori (Wamaori ndio wenyeji wa asili wa nchi hiyo), sigara na watoto wachanga wanaofariki usingizini. Kuna wanaosema dawa ni moja: mama aache kuvuta. Wengine wanajibu: aache, ndiyo, lakini mtoto atalala leo usiku, na leo usiku mama bado anavuta. Hawa wa pili ndio waliokuja na wahakura, kikapu cha kulalia mtoto kinachosukwa kwa majani ya mmea wa harakeke na kuwekwa juu ya kitanda cha wazazi, ubavuni mwa mama. Ndio pia wanaolaumiwa kwamba wamekubali kushindwa na tumbaku.

Hoja ya wanaoshikilia kuacha ni nzito. Sumu ya sigara hupita kwenye kondo la nyuma. Mtoto huzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Lililo baya zaidi halionekani kwenye mizani. Mtoto mwenye afya, hewa ikipungua usingizini, hugeuza kichwa, hushtuka, hulia. Aliyepata moshi tumboni huchelewa kushtuka, na pengine asishtuke kabisa. Kikapu hakiwezi kumrudishia uwezo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu 4 kati ya kila wajawazito 10 wa Kimaori walikuwa wakivuta, na daktari aliyeiona hesabu hiyo alikuwa na haki ya kuogopa kila kitu kinachoonekana kulegeza kamba.

Lakini tuangalie hofu hiyo ilizaa nini. Utafiti mkubwa uliofanyika nchini humo kati ya 1987 na 1990 ulionyesha kwamba hatari hupanda mno pale mambo mawili yanapokutana: mama anavuta, na mtoto analala naye kitanda kimoja. Kwa mama asiyevuta, hatari ya kulala na mwanawe ilikuwa ndogo. Ujumbe uliobisha hodi kwenye nyumba za Wamaori, hata hivyo, ulikuwa mkavu: usilale na mwanao. Kampeni iliyoanza 1991 ilipunguza sana vifo nchini kote, ila kwa Wamaori vilipungua kidogo kuliko kwa wengine, na pengo likapanuka.

Msomaji wa Mombasa au Bukoba hahitaji kuelezwa sababu. Kwa watu ambao mtoto mchanga hulala ubavuni mwa mama, kuambiwa umweke peke yake kwenye kitanda chake cha mbao ni kuambiwa umtupe. Mama hatii. Atakachofanya ni kunyamaza mbele ya mkunga, na akishanyamaza kuhusu kitanda, atanyamaza na kuhusu sigara. Mama anayeficha hasaidiki. Hili ndilo ambalo wenye msimamo mkali hawalipi uzito wake.

Tena tumbaku yenyewe si ya Wamaori. Hawakuijua kabla ya Mzungu kufika na meli zake. Machifu waliotia saini Mkataba wa Waitangi na utawala wa Uingereza mwaka 1840 walipewa mablanketi na tumbaku. Kumgeukia leo mjukuu wa mjukuu wao, mjamzito, na kumtazama kana kwamba uraibu huu ni tabia yake mbaya aliyojitungia, ni dhuluma.

Wahakura ilianza 2006 hivi, ikisukumwa na Dakta David Tipene-Leach, daktari Mmaori aliyeshughulikia vifo hivi kwa miaka mingi. Tazama inavyotengenezwa. Kwenye kichaka cha harakeke, jani changa la katikati huitwa mtoto, na majani mawili yanayolikumbatia ni wazazi wake. Hayo hayaguswi. Hukatwa ya nje tu, ya mababu. Mjamzito anakaa na shangazi na bibi zake, wanachana majani na kusuka, na humo humo kwenye mazungumzo yanawekwa masharti: mtoto alale chali, uso wazi, bila mto, na moshi usikaribie kikapu hiki. Hapo sigara inatajwa na watu wanaompenda, na hao wavutaji wenzake wa nyumbani wapo wanasikia. Sijui kijikaratasi cha kliniki kinachoweza kushindana na kikao hicho.

Wakosoaji walitaka ushahidi, na walikuwa sahihi kuutaka. Ulitoka 2017: familia 200, wengi Wamaori, nusu wakapewa wahakura na nusu kitanda cha kawaida cha mtoto, wakarekodiwa usiku kwa kamera. Kikapu hakikuongeza hatari. Ila takwimu ninayoirudia mara kwa mara ni nyingine. Mtoto alipofika miezi 6, waliokuwa bado wananyonyesha kikamilifu walikuwa asilimia 22.5 upande wa wahakura, na asilimia 10.7 upande wa pili. Mara mbili zaidi! Kunyonyesha kwenyewe hupunguza hatari ya kifo cha ghafla. Halafu kumbuka kwamba wengi walioacha sigara wakiwa wajawazito huirudia baada ya kujifungua, kwenye miezi hiyo hiyo ya kukosa usingizi. Mama anayenyonyesha ana sababu ya kila siku ya kujizuia. Kikapu kinachoongeza unyonyeshaji hakijasalimu amri kwa tumbaku.

Kati ya 2009 na 2015, vikapu hivi na ndugu yao wa plastiki, Pēpi-Pod, viliposambazwa, vifo vya watoto waliovuka wiki ya kwanza vilipungua kwa asilimia 29, na waliopona zaidi ni watoto wa Kimaori. Nakubali kwamba kodi ya sigara nayo ilikuwa inapanda kila mwaka, kwa hiyo sifa si ya kikapu peke yake. Nakubali pia kwamba baada ya hapo kasi haikuendelea, na mtoto wa Kimaori bado yuko hatarini kuliko mwenzake wa Kizungu.

Lakini hilo linatupeleka kwa mshtakiwa mwingine kabisa. Mwaka 2022 bunge lilipitisha sheria ya kupunguza nikotini kwenye sigara hadi ikaribie kwisha, kupunguza maduka yanayoziuza kutoka takriban 6,000 hadi 600, na kutomuuzia kamwe yeyote aliyezaliwa kuanzia 2009. Februari 2024 serikali mpya iliifuta kabla hatua hizo hazijaanza kutekelezwa. Wale wanaosema kikapu hakitoshi wana haki ya kusema hivyo, ila wakaseme kwenye ofisi za walioifuta sheria hiyo, kabla ya kumfuata mama chumbani kwake.